Gorogoro Moja kwa Wiki: Tujiwekee Akiba Kabla Ugonjwa Haujabisha Hodi



Somo letu la toleo hili linahusu akiba ya nyumbani: chakula, maji, sabuni na dawa za kuivusha nyumba wiki mbili, iwapo ugonjwa wa kuenea utatufungia njia tena. Tunaomba somo hili lisomwe kwa sauti mkutanoni, kwa mafungu, na baada ya kila fungu watu wapewe nafasi ya kusema. Mkilimaliza kwa mikutano miwili, hakuna ubaya.

Kuna mwenye atasema, "Akiba ni ya matajiri. Mimi nanunua unga ya leo na pesa ya leo." Mtu huyo ndiye tumemwandikia hasa.

1. TUKUMBUKE YA MWAKA 2020

Ugonjwa wa Korona ulitangazwa kuingia Kenya tarehe 13 Machi 2020. Siku hiyo hiyo wenye pesa walikimbilia supamaketi za Nairobi wakajaza vikokoteni. Siku chache baadaye Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliamuru supamaketi moja iwarudishie wateja pesa, kwa sababu ilikuwa imepandisha bei ya dawa ya kutakasa mikono. Tarehe 15 Machi shule zikaagizwa zifungwe. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri.

Halafu tarehe 6 Aprili kukatangazwa kwamba hakuna mtu kuingia wala kutoka eneo la Nairobi na viunga vyake. Hapo ndipo sisi wa Kajiado tuligawanywa mara mbili. Kitengela, Ongata Rongai, Kiserian na Ngong ziliwekwa ndani ya mpaka. Isinya na Kajiado mjini zikabaki nje. Mama aliyekuwa akiuza mboga Kitengela na watoto wake wako kwa nyanya yao Isinya, si mbali, hakuweza kwenda kuwaona. Kizuizi hicho kilidumu miezi mitatu, mpaka tarehe 7 Julai 2020.

Sasa tuulizane swali: je, chakula kiliisha? Hapana. Malori ya chakula yaliruhusiwa kupita. Unga ulikuwa dukani, vitunguu na nyanya zilifika sokoni. Hata mpaka wa Namanga ulipofungwa kwa abiria mwezi wa Mei mwaka huo, mizigo iliachwa ipite, ingawa madereva walipanga foleni ndefu wakingoja kupimwa.

Kilichoisha ni pesa mfukoni. Ndege za kupeleka maua Ulaya zilipopungua, mashamba mengi ya maua yaliwatuma wafanyakazi nyumbani. Vibarua vya mjengo vikasimama. Mama wa kufua nguo akaambiwa asije, watu wanaogopa. Matatu zikabeba nusu ya abiria. Na mfugaji, ambaye benki yake ni zizi, alikuta masoko mengi ya mifugo yamefungwa: mbuzi yuko, mnunuzi hayuko.

Hilo ndilo fundisho kubwa la mwaka ule. Kwa mtu wa kipato cha kila siku, akiba si woga kwamba duka litakauka. Akiba ni siku ambazo watoto watakula hata kama kibarua hakipo.

2. KWA NINI TUSEME HAYA SASA?

Kwa sababu hatujui siku, lakini njia tunaijua. Magonjwa hufuata watu, na watu hufuata barabara. Homa kuu ya mwaka 1918 iliingilia bandari ya Mombasa ikapanda bara pamoja na reli. Mwezi wa Julai 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa mpox hapa Kenya, naye aligunduliwa kwenye mpaka wa Taveta. Sisi tumekaa kando ya barabara kuu ya Namanga, na viwanda vya Athi River viko hapo mlangoni. Hatusemi haya kuwatia watu hofu. Mwenye kuezeka nyumba wakati wa jua hamwogopi mvua, anaijua tu.

Akiba hii pia haingoji Korona nyingine. Itakufaa ukiugua malaria wiki mbili, mvua ikikata barabara, au ukame ukija kama ule wa 2020 hadi 2023, ambao uliwamaliza ng'ombe wengi wa Kajiado.

3. HESABU YA GOROGORO

Tuchukue nyumba ya watu watano. Kipimo kinachotumiwa sana na mashirika ya kugawa chakula ni gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku. Watu watano ni kilo 2. Gorogoro moja ya mahindi ni karibu kilo 2. Kwa hiyo shikeni hii: gorogoro moja ni siku moja ya nyumba.

Kwa siku 14 nyumba hiyo inahitaji:
- mahindi, gorogoro 14
- maharagwe, ndengu au kunde, gorogoro 2
- mafuta ya kupika, lita 2
- chumvi, nusu kilo
- sabuni ya mche, kilo 1

Usishtuke. Hakuna anayekuambia ununue vyote Jumamosi hii. Kila wiki, ukishanunua chakula cha kawaida, ongeza gorogoro moja tu, uiweke kando. Wiki ya 14 utakuwa na siku 14 za mahindi. Wiki ya 15 na ya 16, maharagwe. Mafuta, chumvi na sabuni uviingize katikati, wiki ambazo pesa imepatikana vizuri. Katika miezi minne, mtu wa kibarua amejaza ghala lake bila kukopa. Wiki ikikushinda, ruka, uendelee ile inayofuata. Na kama gorogoro nzima ni nzito, weka nusu. Nusu pia ni mlo.

Tunasema mahindi, si unga, kwa sababu unga wa paketi haukai muda mrefu na posho ya kusaga si kubwa. Lakini weka paketi moja mbili za unga pia, kwa siku ambayo huwezi kutoka kwenda posho mill.

Ongezeni vya nyumbani ambavyo havinunuliwi. Majani ya kunde yaliyokaushwa kivulini hukaa miezi. Wazee wa Kimaasai wanajua kukausha nyama, kuikaanga na kuihifadhi ndani ya mafuta yake. Wakaribisheni wawafundishe vijana. Ujuzi huo ni akiba pia.

4. MAHINDI YALIYOHIFADHIWA VIBAYA NI SUMU

Hapa tunaomba masikio yote. Mwaka 2004, majirani zetu wa Makueni na Kitui walikula mahindi yaliyokuwa yameingiwa na kuvu. Sumu ya kuvu hiyo inaitwa aflatoksini. Watu 125 walikufa. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Ukimpa ng'ombe mahindi hayo, sumu inapita mpaka kwenye maziwa.

Basi kabla ya kuweka, pimeni hivi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Tia mahindi robo chupa, kisha vijiko vikubwa viwili vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa dakika moja, halafu uiache dakika 15. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Yarudishe juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Chumvi ikianguka chini yote, yako tayari.

Weka gunia juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pasipovuja. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa ni mizuri, kwa maana dumuzi hukosa pumzi akafa bila dawa. Punje iliyobadilika rangi au yenye harufu ya uvundo usiionee huruma: itupe.

Na usiweke mahindi mwaka mzima ukiyatazama. Kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka. Kila wiki chota gorogoro ya zamani upike, halafu urudishe mpya.

5. MAJI, SABUNI NA DAWA

Maji. Hapa kwetu tunayajua mambo ya maji: leo bomba limekauka, kesho mwenye punda amepandisha bei. Mtu mmoja anahitaji karibu lita 3 za kunywa kwa siku. Mitungi mitatu ya lita 20, iliyooshwa na kufunikwa, ni siku nne za kunywa kwa watu watano. Ijaze, na baada ya siku chache tumia maji hayo, ujaze mengine. Ya kunywa chemsha, au tia dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, ungoje dakika 30.

Sabuni. Tengenezeni kibuyu chirizi karibu na choo na karibu na jikoni. Ni mtungi mdogo, kamba, kijiti cha kukanyagia na kipande cha sabuni. Kinatumia maji kidogo sana, na mikono inaoshwa bila kushika bomba.

Dawa. Mwenye kisukari, presha, kifua kikuu, kifafa, au anayetumia dawa za VVU, asingoje vidonge viishe ndipo aende kliniki. Muulize daktari mapema kama unaweza kupewa za miezi miwili au mitatu. Lakini usinunue dawa za kuua viini bila kuandikiwa, eti uweke tu. Hiyo si akiba.

Mtoto akiharisha na pakiti za ORS hazipo, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mpe kidogo kidogo, huku mkienda kituo cha afya.

Tahadhari: mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda, mtoto atakunywa. Na jiko la makaa lisilale ndani ya nyumba iliyofungwa. Moshi wake usioonekana umeua watu wengi.

6. KUWEKA AKIBA SI KULIMBIKIZA

Yule aliyebeba katoni kumi za sabuni siku ya tangazo alimnyima jirani yake. Na jirani asiyenawa mikono atakuletea ugonjwa mlangoni. Wasomaji wa Biblia mtafute Mwanzo 41 na Kutoka 16, mlinganishe. Yosefu aliweka nafaka miaka ya shibe, kwa ajili ya watu wote. Waliolimbikiza mana kwa ajili ya nyumba zao tu, iliota funza. Tofauti iko wapi?

Tofauti ni mbili: wakati na nia. Anayenunua kidogo kidogo wakati wa kutosha hamwibii mtu. Anayefagia rafu siku ya hofu anamwibia mnyonge.

Ndiyo maana kikundi kina kazi yake. Mkichanga pamoja mnaweza kununua magunia ya kilo 90 wakati wa mavuno ya Bonde la Ufa, au maharagwe ya Loitokitok yakiwa mengi, mkagawana kwa gorogoro bila kumpa mtu wa katikati faida. Andikeni kila kitu kitabuni. Pesa ikae kwenye sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wa nyumba tofauti. Na kila mzunguko wa chama, gorogoro chache ziende kwa wale wasioweza kuweka: mzee anayeishi peke yake, mgonjwa wa kitandani, mjane mwenye wadogo. Mkijua majina yao leo, hamtahangaika kuwatafuta siku njia zimefungwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mwaka 2020 nyumba yako ilikaa siku ngapi kabla ya kuanza kukopa? Ni nini kiliisha kwanza?
2. Kijijini kwetu, ni nani watatu ambao hawawezi kuweka hata nusu gorogoro? Tutawafanyia nini?
3. Kwa mfugaji: ni mbuzi gani tungeuza mapema, soko likiwa wazi, tugeuze sehemu ya zizi iwe nafaka?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mmoja alete gorogoro moja ya mahindi ya nyumbani kwake. Kikundi kilete chupa moja na chumvi. Pimeni zote mbele ya watu wote, bila kumcheka mtu. Za kukauka zirudi nyumbani ziwe siku ya kwanza ya akiba. Za maji zirudi juani, na mwenye nazo asaidiwe turubai.