Asili ya Neno "Audit"

Kila mwaka makatibu wa vyama vya msingi hufungua vitabu vyao mbele ya mkaguzi wa hesabu. Kwa Kiingereza kazi hiyo huitwa "audit", na wengi hudhani kuwa neno hilo lahusu macho, kama lilivyo neno letu kukagua. Sivyo. Lahusu masikio.

Asili yake ni Kilatini, ambamo "audire" ni kusikia na "auditor" ni msikilizaji. Kiingereza kililipokea katika karne ya 15, ingawa desturi yenyewe ni kongwe zaidi. Katika mashamba ya makabaila wa Uingereza, msimamizi alikuwa mkulima ambaye mara nyingi hakujua kusoma. Mavuno yalipokwisha, kwa kawaida baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, tarehe 29 Septemba, alisimama mbele ya wasikilizaji akataja kwa mdomo mapato na matumizi yote, naye karani akaandika juu ya ngozi. Wasikilizaji walimhoji. Tumizi walilolikataa alilipa yeye mwenyewe.

Kumbukumbu zake zilikuwa vijiti vilivyotiwa mikato. Kijiti kilipasuliwa kwa urefu, mlipaji akashika nusu na mpokeaji nusu, hata asiweze mmoja kuongeza mkato pasipo mwenzake kujua. Katika hazina ya mfalme, mkato wenye unene wa kiganja ulikuwa pauni 1,000, na wa dole gumba pauni 100. Serikali iliviacha vijiti hivyo mwaka 1826. Vilipochomwa mwaka 1834, moto wake uliteketeza jengo la Bunge huko London! Stakabadhi ya mkulima na nakala inayobaki kitabuni hufanya kazi ileile ya nusu mbili za kijiti.

Lakini wasikilizaji wale walimsikilizia kabaila. Katika ushirika mwenye mali ni mwanachama, na mahali pake pa kusikia ni mkutano mkuu. Taarifa ya ukaguzi ikibandikwa ukutani tu, au ikisomwa mbiombio kwa maneno ya kihasibu, mwanachama asiyejua kusoma huondoka bila kujua fedha zake zimekwenda wapi. Yafaa katibu aisome polepole: kilo zilizopokelewa, bei iliyolipwa, makato na sababu zake, na baada ya kila fungu angoje maswali kabla ya kufungua ukurasa unaofuata.