Kutafuta Hitilafu kwenye Seva ya Tomcat

DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika Tanzania, ni programu ya Java ambayo kwa kawaida huendeshwa kwenye seva ya Tomcat. Seva ikigoma, taarifa za zahanati haziingii. Fuata hatua hizi:

1. Soma kwanza mafaili yaliyomo kwenye folda ya logs. Usibadili kitu kabla ya kusoma.
2. Seva haiwaki: huenda programu nyingine imeshika poti 8080.
3. Seva inawaka lakini kivinjari kinaonyesha 404: hakikisha faili la WAR limo kwenye folda ya webapps, na anwani haina kosa la herufi.

Kumbuka: rekebisha jambo moja, jaribu, ndipo uende jingine. Ukibadili mengi pamoja, hutajua lililoponya.

Swali: Kwa nini 404 si dalili kwamba seva imezimika?