Punda wa kulelewa: mimba isiyopangwa ni hasara ya nani?

Vijana wengi wa Shinyanga wakienda machimboni Geita huacha punda wao kwa ndugu au jirani. Mlezi anapokea punda wa watu wanne watano, anawalaza zizi moja, na madume hayajahasiwa. Mwaka haupiti majike yana mimba, mwenye punda hapokei simu, na mimi naitwa kuamua mtoto ni wa nani. Ndugu zangu, jambo hili linazuilika.

Tuanze na hesabu. Punda hubeba mimba kama miezi 12, wengine hufika 14. Miezi ya mwisho hatakiwi kuvuta mkokoteni, na akizaa ananyonyesha kama miezi 6. Kwa anayeishi kwa kusomba maji na mahindi, hilo ni pengo kubwa la kipato. Tena jike huingia joto ndani ya wiki mbili baada ya kuzaa; dume likiwa karibu, anashika mimba nyingine mwili haujapumzika. Jike mdogo anaweza kupata mimba kabla ya miaka 2, lakini subiri afikishe 3.

Fanya hivi:

1. Tenga madume. Jike akitafunatafuna mdomo wazi, akilaza masikio nyuma na kukojoa mara kwa mara mbele ya dume, yuko kwenye joto. Huyo msimfunge malishoni na dume.

2. Hasi dume usilohitaji kwa mbegu, vizuri kati ya miezi 6 na 18. Aite daktari wa mifugo mwenye ganzi na chanjo ya pepopunda. Koleo la kubania ng'ombe usilitumie kwa punda. Juni na Julai panafaa, nzi ni wachache. Akishahasiwa, mtenge wiki 6, maana mbegu zilizobaki bado zinaweza kutia mimba.

3. Andikeni mkataba mbele ya mwenyekiti wa kitongoji: nani analipa dawa, mtoto akizaliwa ni wa nani, na mwenye mali asipopatikana kwa miezi mingapi nini kifanyike. Mpigeni punda picha siku ya kumkabidhi.

Mimba ikishaingia, usimpe jike dawa ya kuitoa kienyeji, unaweza kumpoteza. Punguza mzigo, mwongeze majani na maji, umwone daktari.

Na wewe uliyeko machimboni: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 haikuondolei wajibu kwa sababu punda yuko kwa mwingine. Mlezi naye, mwenyewe akipotea, usimuuze mnyama kimyakimya. Toa taarifa ofisi ya kijiji, iandikwe. Bila maandishi, akirudi siku moja na madai, utaitwa mwizi wa punda uliyemlisha mwenyewe.