Bustani ya Nyumbani Wakati wa Kipupwe: Hesabu Maji Kabla ya Kupanda

Masika yanapokwisha, miinuko ya Karatu, Rhotia, Mbulumbulu na Oldeani huingia katika kipupwe. Kati ya Juni na Agosti usiku huwa na baridi, asubuhi hutanda ukungu, na mvua hukatika. Huu ndio wakati ambapo kaya nyingi hununua sokoni mboga ambazo zingeweza kuota nyuma ya jiko. Baridi si adui wa bustani. Kinachopungua ni maji.

Mazao yanayofaa

Kabichi, karoti, njegere, spinachi, chainizi, saladi na kitunguu saumu hustawi katika ubaridi. Kabichi hufunga vizuri, na saladi huchelewa kutoa maua. Kitunguu saumu huhitaji baridi ili kigawanyike vidole. Ndiyo sababu kinastawi kwa majirani zetu wa Mbulu. Nyanya zinahitaji uangalizi mkubwa, kwa kuwa majani yanayokaa na unyevu wa ukungu hushambuliwa na bakajani chelewa. Wakazi wa Mang'ola, katika bonde la Ziwa Eyasi lenye joto zaidi, wapate ushauri wa ratiba inayolingana na eneo lao.

Hatua za kufuata

1. Hesabu maji. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 huhitaji takriban lita 20 kwa siku wakati wa kiangazi, yaani ndoo moja kubwa. Kaya inayobakiza ndoo mbili kwa siku iandae matuta mawili, si matano. Maji yaliyooshea mboga na nafaka yanafaa. Yenye sabuni nyingi hayafai.

2. Otesha mapema. Sia kabichi, chainizi na spinachi kitaluni mwishoni mwa Aprili, ili miche ihamishwe baada ya wiki nne au tano, udongo ukiwa bado na unyevu wa masika. Karoti na njegere zipandwe moja kwa moja tutani.

3. Rutubisha. Changanya samadi iliyooza vizuri na udongo. Samadi mbichi huunguza miche na kuifanya karoti igawanyike mizizi.

4. Zingatia nafasi. Kabichi ipewe sentimita 50 kila upande; tuta moja litabeba miche 20. Karoti zipunguzwe zibaki sentimita 5 kati ya mche na mche.

5. Tandaza nyasi kavu au mabua ya mahindi kuzunguka miche ili unyevu usipotee.

6. Mwagilia asubuhi, kwenye shina. Wengi tumezoea kumwagilia jioni. Lakini katika kipupwe majani yanayolala yakiwa na maji hukaribisha magonjwa ya ukungu.

Nafasi ya maua

Pembezoni mwa matuta panda kalendula na marigoldi. Hupendeza macho, na pia huvuta nyuki pamoja na wadudu wanaokula vidukari. Marigoldi ikipandwa kwa wingi hupunguza minyoo fundo ardhini.

Tahadhari

Ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lililoanzishwa mwaka 1959, kilimo hakiruhusiwi. Somo hili ni kwa walio nje ya mpaka wake. Kwa vijiji vinavyopakana na msitu wa hifadhi, bustani iwe karibu na nyumba. Tembo au nyati akiingia, usimfukuze peke yako. Toa taarifa kwa uongozi wa kijiji.

Maswali ya kujipima

Je, kaya yako hubakiza ndoo ngapi za maji kwa siku? Je, ni tuta gani litakuwa la kwanza kuliwa? Chainizi huweza kuvunwa ndani ya wiki sita hivi. Kabichi husubiri miezi mitatu au zaidi. Panda vyote viwili, ili moja ilishe nyumba wakati nyingine ikikua. Kwa ushauri zaidi, mwone Afisa Ugani wa kata yako.