Hesabu ya Wagonjwa Ni Haki ya Raia

Mtu asafiriye kwa barabara kuu kutoka Iringa kwenda Mbeya, akikata njia pale Igawa, hufika Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, penye mashamba mapana ya mpunga. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupita jirani usiku na mchana. Mahali kama hapo ugonjwa haubishi hodi. Ndiyo sababu twaitwaa Rujewa iwe mfano wa somo letu la juma hili, yaani deni la Serikali kwa raia wake wakati wa maradhi ya kuenea, na baada yake.

Kufikia Mei 2020 Serikali ilikuwa imetangaza wagonjwa 509 wa korona na vifo 21. Kisha hesabu ikanyamaza kwa zaidi ya mwaka mzima. Yalisemwa mengi: kwamba vipimo vya maabara havikuaminika, kwamba hofu huwadhuru watu. Hatukatai, hofu ni adui, na mtawala mwema hana budi kuituliza. Lakini je, kunyamaza huituliza?

Tumfikirie mzazi wa Rujewa mwezi Januari 2021, wakati wa kupandikiza mpunga. Watu wafanya kazi bega kwa bega shambani. Kuna msiba kijiji cha pili, na bibi mwenye miaka sabini ataka kwenda kuzika. Je, aende? Mzazi huyu si mjinga. Apewe habari za kweli, ataamua vizuri. Hakupewa. Aliloachiwa ni uvumi, na makaburi mapya ambayo kila mtu aliweza kuyahesabu mwenyewe. Hapo ndipo hofu ilipokua, tena hofu isiyo na dawa, kwa kuwa haikujulikana ni ya nini.

Tarehe 26 Januari mwaka huo huo, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga wa Mbeya, aliyekuwa Rais wa Baraza la Maaskofu, aliandika barua ya kuonya juu ya wimbi jipya la ugonjwa. Mwezi Machi Katibu Mkuu wa Baraza, Padre Charles Kitima, alisema kuwa katika miezi miwili walikufa mapadre zaidi ya 25 na masista 60. Vipimo vya kuthibitisha sababu havikuwapo. Basi Kanisa lilihesabu wafu wake, likasema.

Yatupasa pia kusifu panapostahili sifa. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, nayo mwezi Mei ikashauri hesabu zitolewe tena. Mwezi Julai Rais mwenyewe alichanjwa hadharani. Na Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipozuka Kagera, Serikali iliutangaza waziwazi. Ukaisha mwanzoni mwa Juni, wamekufa watu sita.

Twasikitika kwamba somo hilo halikudumu. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa habari za dalili za Marburg huko Biharamulo. Wizara ilikana, siku chache baadaye, tarehe 20, Rais alithibitisha. Walihesabiwa wagonjwa 10, na wote 10 walikufa, wanane kati yao kabla ugonjwa haujathibitishwa. Hatusemi kwamba tangazo la mapema lingewaokoa wote. Twasema kwamba jirani aliyewauguza alistahili kujua anamgusa nani.

Liko pia jambo la fedha. Mwaka 2021 nchi ilipata mkopo wa karibu shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya mapambano ya korona. Sehemu ilijenga madarasa 15,000, na madarasa twayaona kwa macho. Lakini mtungi wa hewa ya oksijeni hauonekani kutoka barabarani, wala akiba ya glavu katika zahanati. Vitu hivyo raia havijui mpaka aulize, na deni la mkopo ni lake na la watoto wake.

Basi mahali pa kuuliza ni wapi? Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hufanywa kila miezi mitatu. Wakristo wengi hawahudhurii. Husema ni mambo ya siasa, kisha hulalamika nyumbani. Aende baba, aende na mama, maana ndiye aamkaye usiku na mtoto mwenye homa. Waulize kwa adabu, bila kuogopa: mgonjwa wa kipindupindu akishushwa leo usiku kutoka kwenye lori, atalazwa chumba gani? Nani atapiga simu wilayani? Maji ya dripu yapo chupa ngapi? Na majibu yaandikwe katika kumbukumbu za kijiji, ili baada ya miezi mitatu yasomwe tena mbele ya watu wale wale.