Tuhamishe njaa, tusimhamishe kibaka



Katika mji wetu wa Tunduma, hapa mpakani na Zambia, hakuna neno linalokusanya watu haraka kama neno "mwizi!". Likipigwa sokoni au kwenye foleni ya malori, hapo hapo hujitokeza wale ambao magazeti huwaita "wananchi wenye hasira kali". Mwenye bahati huokolewa na polisi. Asiye na bahati hupigwa mawe na kuvishwa tairi la moto, pengine kwa sababu ya simu moja tu.

Wapole miongoni mwetu husema: "Basi wasiuawe, lakini waondolewe mjini, wapelekwe mbali wasirudi." Wengi huiona kauli hii kuwa ya huruma na hekima. Naomba ndugu msomaji tuipime kwa historia, kisha tuipime kwa Sharia.

Waliotutangulia

Uingereza ya karne ya 18 iliijaribu dawa hii kwa bidii kubwa. Sheria zake zilikuwa kali mno. Kuiba kwa siri dukani bidhaa ya shilingi 5 kulitosha mtu kuhukumiwa kunyongwa. Mwaka 1718 Bunge lao likapitisha sheria ya kuwasafirisha wahalifu ng'ambo. Mwenye wizi mdogo alipelekwa kwa miaka 7, na aliyesamehewa kitanzi kwa miaka 14. Hadi mwaka 1775 watu wapatao 50,000 walikwisha pelekwa kwenye makoloni ya Marekani, na huko kazi yao iliuzwa kwa wenye mashamba.

Vita vya uhuru wa Marekani vilipofunga mlango huo, wafungwa walirundikwa ndani ya merikebu chakavu katika mto Thames. Hatimaye, Mei 1787, meli 11 zikang'oa nanga Portsmouth zikiwa na wafungwa zaidi ya 700, zikafika Australia Januari 1788.

Walikuwa nani hao waliotupwa upande wa pili wa dunia? John Hudson alikuwa mtoto wa kusafisha mabomba ya moshi. Alihukumiwa miaka 7 akiwa na umri wa miaka 9, kwa kuiba nguo na bastola katika nyumba ya mtu. Elizabeth Hayward alikuwa binti wa miaka 13, kosa lake gauni na kofia. Miongoni mwao walikuwamo pia watu weusi. Mmoja ni John Caesar, ambaye inasemekana alizaliwa Madagaska, kisiwa cha bahari yetu hii hii ya Hindi. Alihukumiwa mwaka 1786 kwa kuiba fedha, pauni 12 na ushei.

Je, safari ile iliwatibu? Februari 1788, wiki chache tu baada ya kutia nanga, Thomas Barrett alinyongwa kwa kuiba chakula cha ghala. Caesar naye alikuwa pande la mtu, posho haikumtosha, akawa anaiba chakula na kutorokea porini. Gavana akatangaza zawadi ya pombe kwa atakayemkamata, na Februari 1796 akapigwa risasi akafa. Bahari zote zile zilivukwa, na njaa ikawa imetangulia kufika!

Tena wenyeji wa Australia, ambao hawakumwibia Mwingereza hata sindano, ndio waliolipa gharama kwa kunyang'anywa ardhi yao. Utaratibu huo ulikoma mwaka 1868, baada ya kusafirisha watu wapatao 160,000. Haukukoma kwa sababu wezi wamekwisha London.

Hapa kwetu

Asidhani mtu kwamba hayo ni ya Wazungu peke yao. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria ya mafukara mwaka 1923, na mwaka 1944 ikatunga nyingine ya kuwaondoa mijini watu "wasiotakiwa". Vijana walioitwa wahuni walikamatwa Dar es Salaam na kurudishwa wilayani kwao. Haukupita muda mrefu wengi wakarejea mjini.

Baada ya uhuru tuliendelea na njia ile ile. Mwaka 1969 ikaja sheria ya kuwahamishia wahalifu katika makazi maalumu. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvukazi, watu wakakusanywa mitaani wakipelekwa vijijini na mashambani kwa kuitwa wazururaji. Wao pia wengi walirudi. Kwa nini wasirudi, ikiwa kilichowatoa vijijini kilikuwa bado kipo huko kikiwasubiri?

Sharia inaanzia wapi?

Nafundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari hapa Tunduma. Kila nikifika mada ya adhabu, wanafunzi huuliza swali moja: "Ustadh, si Uislamu ndio mkali zaidi, maana unakata mkono?" Huwajibu kwamba hukumu hiyo imo katika Suratul Maida, aya ya 38, na hatuionei haya. Lakini wanaoitaja hawataji masharti yake. Kwanza, mali iliyoibwa ifikie kiwango, nacho kwa wanachuoni wengi ni robo dinari, yaani dhahabu ya zaidi kidogo ya gramu moja. Pili, iwe imetolewa mahali ilipohifadhiwa. Tatu, pasiwe na utata wowote. Nne, atoe hukumu kadhi mwenye mamlaka, wala si kundi la watu barabarani. Na aya inayofuata inafungua mlango wa toba.

Kisha tumtazame Sayyidna Umar (r.a.). Mwaka wa 18 Hijria, njaa ilipoikumba Madina na viunga vyake, alisimamisha adhabu ya kukata mkono. Imamu Malik amepokea katika Al-Muwatta kisa cha watumwa wa Hatib walioiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna wakamchinja. Umar alikwisha amuru wakatwe, kisha akamgeukia bwana wao akamlaumu kwa kuwashindisha njaa. Ngamia alikuwa na thamani ya dirham 400. Hatib akatozwa 800!

Tulitafakari hilo. Jaji wa Kiingereza alitazama kilichoibwa. Umar alitazama tumbo la aliyeiba, na mfuko wa aliyepaswa kumlisha.

Ama kumhamisha mtu, Sharia inakujua, lakini si kwa mwizi wa kawaida. Na imepokewa kwamba Umar alimhamishia Khaybar mtu mmoja kwa kosa la ulevi, naye akakimbilia kwa Mfalme Heraclius akaritadi. Umar akasema hatamhamisha Mwislamu mwingine baada yake. Aliona kuwa kumtupa mtu mbali ni kumkabidhi kwa wengine.

Tufanye nini?

Simtetei mwizi. Mama aliyeibiwa mtaji wake wa nyanya amedhulumiwa, na haki yake irudi. Lakini Mwislamu anayebeba jiwe katika kundi la watu ajue kwamba anamuua mtu ambaye Sharia isingemuua, na atakwenda kujibu. Na anayesema "apelekwe mbali" naye atuambie, mbali ni wapi? Ukimwondoa Tunduma utampeleka Vwawa au Mbeya, na huko nako wapo akina mama wanaouza nyanya.

Mji huu unapitisha mizigo ya Zambia na Kongo usiku na mchana. Wapo miongoni mwetu wenye maduka, wenye malori na wenye nyumba za kupangisha. Mafakiri na masikini ndio waliotangulia kutajwa kati ya makundi manane ya zaka katika Suratut Tawba, aya ya 60. Je, kamati zetu za misikiti zina orodha ya vijana wasio na kazi walio jirani na msikiti? Zaka zetu tunazikusanya zikamnunulia kijana mkokoteni au cherehani, au kila mtu anagawa sarafu mlangoni Ramadhani ikiisha? Kijana akitoka gerezani, nani humpokea kabla hajapokewa na wenzake wa zamani?

Msikiti mmoja ukianza na vijana watatu mwaka huu, utakuwa umefanya kazi ambayo meli 11 hazikuiweza. Tukishindwa hata hilo, basi tuogope: Umar angefika Tunduma leo, asingemwita kibaka kwanza. Angetuita sisi.