Kabla Hujalipia TV au Friji: Ninavyonunua Vyombo vya Stima Nikitoka Keringet

Chama chetu cha akina mama hapa Keringet hununuliana vyombo vya nyumba kwa zamu. Zamu ikikufikia unachagua mwenyewe: huyu friji, yule TV, mwingine mashine ya kufua. Mimi ni mweka hazina, basi ndimi ninayemsindikiza mwenye zamu hadi Molo au Nakuru. Nimeingia maduka makubwa ya vioo vitupu, nimeingia na vichochoro ambamo redio zimepangwa hadi mlangoni. Kuna mahali nimehudumiwa kwa heshima nikafurahi, na kuna mahali nimetoka nikitetemeka kwa hasira.

Msimamo wangu ni huu: usilipime duka kwa ile karibu unayopewa ukiingia na pesa. Lipime kwa namna watakavyokupokea siku ukirudi na kitu kimeharibika. Hilo linaweza kujulikana mapema, kabla pesa hazijatoka mkononi, na ndiyo kazi ninayoieleza hapa.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Mtu wa Nakuru mjini akiuziwa birika bovu hupanda boda akalirudisha, mchana akawa amekwisha kula kwake. Sisi tunateremka Molo, tunapanda matatu nyingine hadi Nakuru, TV iko mapajani, na ng'ombe tumemwachia jirani akamue. Siku imekwisha, nauli imekwisha. Tena kwa nyumba nyingi za huku stima yenyewe ni ngeni. Faith Kipyegon, mwanariadha wa huku kwetu, aliposhinda dhahabu ya mita 1500 kule Rio mwaka 2016, baba yake aliomba kijiji chao cha Ndabibit kipewe stima, na kikapewa. Hiyo ni 2016, si zamani za wakoloni. Kwa hiyo mama anayenunua friji leo mara nyingi ananunua friji ya kwanza ya maisha yake. Hana ya zamani ya kulinganisha nayo, na wauzaji wanalijua hilo.

Mimi huanza na simu. Kabla sijapanda gari napigia maduka mawili au matatu na kuuliza: kikiharibika nakileta wapi, nani analipia usafiri, na fundi wenu anakaa wapi? Bei naiuliza mwisho. Duka zuri litakujibu papo hapo, litakutajia kituo cha huduma cha kampuni iliyotengeneza kifaa hicho na mtaa kilipo. Duka bovu litakwambia, "Mama, hiki hakiharibiki, wewe njoo tu." Nikisikia neno hilo siendi. Hakuna kifaa kisichoharibika, na mtu anayekataa kulizungumzia jambo hilo nikiwa bado na pesa zangu hatalizungumzia nikishampa.

Ukifika dukani, nenda na unachokitaka kimeandikwa: ukubwa, kazi yake, na kiwango cha juu kabisa cha pesa. Wauzaji wengi hupata kamisheni kwa aina fulani za bidhaa, na watakuvuta huko. Si dhambi, ndiyo riziki yao, lakini friji inayomfaa yeye si lazima ikufae wewe. Kwa friji angalia kile kibandiko cha nyota cha EPRA, mamlaka ya nishati, nyota moja hadi tano. Nyota zikiwa nyingi, friji inakula stima kidogo, na friji haizimwi usiku wala mchana, kwa hiyo utaiona tofauti kwenye tokeni. Kwa bidhaa iliyotoka nje tafuta kibandiko cha bidhaa za nje cha KEBS, shirika la viwango. Iliyotengenezwa nchini huwa na alama ya ubora yenye nambari ya kibali, na nambari hiyo unaweza kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 ukajibiwa kama ni halali. Fanya hivyo ukiwa umesimama pale pale. Muuzaji mwaminifu hatachukia.

Hapa nina neno la uchungu. Mara nyingi mwenye zamu huja na mumewe ili amsaidie kubeba, na kijana wa dukani anaanza kuzungumza na mzee. Mama anauliza swali, jibu linaelekezwa kwa mzee. Pesa ni za mama, amezikusanya kwa maziwa na viazi, friji itakuwa jikoni kwake, lakini hatazamwi usoni. Au ameingia na gambuti zenye udongo wa shamba, anaoneshwa vitu vya bei ya chini kabisa bila kuulizwa anataka nini. Siku hizi nasema wazi, kwa adabu: "Ndugu yangu, mnunuzi ni huyu mama. Zungumza naye." Wengine hujirekebisha mara moja na kuomba radhi, na kwao hununua kwa moyo mweupe. Asiyejirekebisha namwacha na friji zake.

Sasa kupima. Usikubali kupimiwa ile TV ya maonyesho iliyo ukutani kisha ukapewa katoni iliyofungwa. Ninaomba katoni yangu ifunguliwe mbele yangu, na kwanza natazama gundi yake kama iliwahi kukatwa ikabandikwa tena. Huwa natembea na flashi ndogo yenye picha tatu tupu: moja nyeupe yote, moja nyeusi yote, moja nyekundu. Nyeupe ikijaa kwenye kioo, madoa meusi na vivuli vya pembeni vinajitokeza. Nyeusi inafichua vitone vinavyowaka peke yavyo na mwanga unaovuja kwenye kona. Nyekundu inaonesha kama rangi ni sawasawa kote. Kisha natafuta stesheni kwa antena, najaribu kila tundu la kuchomeka waya, napandisha sauti nisikie kama spika zinakwaruza, nabonyeza rimoti kitufe kwa kitufe. Wakati wote huo simu yangu inarekodi video, na mwanzoni mwa video nataja tarehe na jina la duka. Muuzaji akiharakisha, namwambia natoka mbali, anivumilie. Wengi huelewa.

Mwisho naangalia nambari ya mfululizo ya kifaa (serial number). Imebandikwa nyuma ya TV, imeandikwa kwenye katoni, na inapaswa kuandikwa kwenye kadi ya waranti. Zote tatu zilingane, tarakimu kwa tarakimu.

Friji nayo ina mtihani wake. Chukua noti, ibane kati ya mpira wa mlango na fremu, funga, halafu vuta. Ikitoka bila kushikwa, mpira haubani vizuri na baridi itavuja. Jaribu juu, kati na chini, na pande zote. Iwashwe, usikilize mota ikianza. Mngurumo mtulivu ni sawa, kugonga-gonga si sawa. Za mtumba, zile za eksi-UK, sizikatai. Kuna zilizo imara sana. Ila waranti yake mara nyingi ni ya mdomo, nami sinunui mpaka mdomo huo uandikwe kwenye karatasi na kupigwa muhuri.

Kulipa si jambo refu. Lipa kwa till au paybill ya duka, usitume kwenye nambari ya simu ya mtu hata akikwambia mashine ina shida. Jina la biashara kwenye ujumbe wa M-Pesa lilingane na jina kwenye risiti. Risiti iwe ya kodi, yenye jina la kifaa, modeli na ile nambari ya mfululizo, si karatasi iliyoandikwa "TV 1" tu. Kadi ya waranti ipigwe muhuri, itiwe tarehe na sahihi. Piga picha zote kabla hujatoka, maana wino wa risiti hufifia na waranti haijaisha. Kama unanunua kwa kulipa polepole, uliza jumla yote utakayolipa hadi mwisho na uiandike kando ya bei ya taslimu. Pia fahamu kwamba chini ya Sheria ya Hire Purchase, ukishalipa theluthi mbili ya bei, mwenye mali hawezi kukunyang'anya tu. Ni lazima aende mahakamani.

Njiani, TV isimame wima, isilazwe, isiwekwe chini ya gunia la viazi. Friji isafiri imesimama. Ikibidi ilazwe, ukifika nyumbani isimamishe na uiache saa kadhaa kabla ya kuiwasha, ili mafuta ya mota yarudi mahali pake. Na tafadhali nunua kifaa cha kulinda friji siku hiyo hiyo. Milima yetu ina radi, stima inakatika na kurudi kwa kishindo, na waranti nyingi hazilipi uharibifu wa stima iliyopanda.

Nieleze sasa siku ya kurudi, kwa sababu hapo ndipo huduma yenyewe inapoonekana. TV ya mwenzetu mmoja ilitokea mstari wima katikati ya kioo, waranti ikiwa bado mbichi kabisa. Jambo la kwanza nililomwambia: usimwite fundi wa hapa aifungue. Fundi wetu ni hodari, lakini ule muhuri wa nyuma ukikatwa, duka limepata pa kutorokea. Tulipiga video ya mstari huo, tukairudisha TV kwenye katoni yake na vikingio vyake vile vile, tukaondoka na gari la alfajiri.

Kijana wa kaunta hakuigusa. Alisema, "Mama, hicho ni kioo kimeenda. Kioo hakina waranti. Mliibeba vibaya."

Nikamwambia, "Kijana wangu, nioneshe palipoandikwa hivyo."

Tukaisoma kadi pamoja. Iliondoa kioo kilichovunjika au kugongwa. Nikamwomba apitishe kidole juu ya kioo kizima atafute ufa. Hakuna. Nikamwonesha video ya siku ya kununua na ile ya nyumbani. Ndipo akanyoosha kidole ukutani, kwenye lile tangazo la kila mahali: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Nikaomba meneja, nikavuta kiti nikaketi. Sikupandisha sauti. Meneja alipokuja nilimweleza kwamba kifungu cha 5 cha Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 kinamtaka muuzaji auze kitu chenye ubora unaostahili, na tangazo la ukutani haliifuti sheria. Nikaongeza kwamba hatukuja kuomba msaada, tumekuja na kifaa kilichoharibika ndani ya waranti.

Waliipokea. Wakati huo huo nilidai karatasi ya mapokezi: nambari ya kifaa, kasoro ilivyo, tarehe ya leo, tarehe ya kurudi, jina na sahihi ya aliyepokea. Bila karatasi hiyo, ukipiga simu utaambiwa kila siku kwamba fundi ametoka. TV ilirudi ikiwa na kioo kipya. Yule meneja, nimpe haki yake, alipiga simu mwenyewe kutuambia iko tayari ili tusipoteze safari. Kwa simu hiyo moja, chama kimerudi pale kununua tena.

Wakikukatalia kabisa, andika barua fupi isiyo na matusi: nilinunua kifaa hiki, nambari hii, tarehe hii, kwa bei hii, kimeharibika hivi, naomba kitengenezwe, kibadilishwe au nirudishiwe pesa ndani ya siku 14. Ipeleke nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Baada ya hapo kuna Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hupokea malalamiko ya wanunuzi bila malipo. Kuna pia Mahakama ya Madai Madogo, na Nakuru ipo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujieleza mwenyewe bila wakili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Haki ya mnunuzi imeandikwa hadi kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 46, kinachotaja bidhaa zenye ubora na fidia kwa aliyepata hasara. Wengi hukata tamaa kwa kudhani mambo haya ni ya watu wa mjini. Ni ya mama wa Keringet mwenye risiti yake.

Kwa vitu vidogo, pasi, birika, redio, Nakuru siendi tena. Nanunua hapa hapa sokoni, kwa mfanyabiashara anayekichomeka kifaa mlangoni nikiona kinapasha, akaandika jina langu kwenye daftari lake. Pasi ya jirani yangu ilipokufa ndani ya waranti alimpa nyingine palepale, ile mbovu akaipeleka mwenyewe kwa msambazaji siku aliyokwenda kuleta mzigo. Bei yake iko juu kidogo ya ile ya mjini, nami huilipa.